Baraza la ngazi moja Uingereza: linavyozaliwa na nani analishika

Waliokuwa watu wazima kabla ya 2013 wanaikumbuka kanjo ya Nairobi: madiwani, kamati, meya aliyechaguliwa na madiwani wenzake, karani wa jiji. Mfumo huo ulitoka Uingereza. Sisi tuliuacha tulipoingia kwenye kaunti, na huko kwao nako umebadilika sana, kwa hiyo anayesoma habari za mabaraza yao akidhani ni kanjo ileile atapotea. (Nazungumzia England peke yake. Scotland na Wales ziliingia ngazi moja tangu 1996.)

Tangu Aprili 1974, sehemu nyingi za England zimekuwa na ngazi mbili: kaunti juu, wilaya chini. Tazama pipa la taka. Wilaya ndiyo inayokuja kulizoa mlangoni, lakini kuzipeleka taka hizo jaani au kuzichoma ni mzigo wa kaunti. Wilaya ikibana matumizi kwa kuacha kutenganisha taka, kaunti ndiyo inayoumia. Katika ngazi moja, shule, utunzaji wa wazee, barabara, nyumba, vibali vya ujenzi na lile pipa vyote vina mwenyewe mmoja. Mabaraza madogo ya vijiji hubaki palepale.

Kuunda baraza la ngazi moja kunafuata sheria ya 2007. Waziri wa serikali kuu huyaalika mabaraza ya eneo yalete mapendekezo: mipaka ipite wapi, watu wangapi, fedha kiasi gani zitaokolewa. Mvutano huanza hapo, maana aghalabu kaunti hutaka baraza moja kubwa, nazo wilaya hutaka mawili au matatu. Waziri hupokea maoni, huamua, kisha huandika amri ambayo ni lazima ipitishwe na mabunge yote mawili. Kura ya maoni ya wananchi si lazima. Kwa Mkenya hili ni zito: kaunti zetu 47 zimetajwa kwenye Katiba, na hakuna waziri anayeweza kuifuta hata moja kwa amri.

Kuna njia mbili za kuvuka kutoka ngazi mbili hadi moja. North Yorkshire, kaunti iliendelea kuishi ikazimeza wilaya 7. Cumbria, kaunti yenyewe ilivunjwa yakazaliwa mabaraza mawili, Cumberland na Westmorland and Furness. Kote uchaguzi ulifanywa Mei 2022, na kazi ikaanza rasmi tarehe 1 Aprili 2023. Miezi hiyo 11 ndiyo ya hatari. Baraza linalokufa hushawishika kumaliza akiba yake kwa miradi ya nyumbani, ndiyo maana waziri anaweza kulizuia lisiuze ardhi ya zaidi ya pauni 100,000 bila idhini. Kisha kuna kodi ya baraza, ile ambayo kila nyumba hulitozwa na baraza lake. Kila wilaya ilikuwa na kiwango chake, na sheria inaruhusu hadi miaka 7 ya kuvisawazisha. Ukisawazisha kwa kushusha, unapoteza mapato kila mwaka. Ukipandisha haraka, majirani wa mtaa wa bei nafuu wanakuja juu.

Uongozi wenyewe, mara nyingi, ni kiongozi na baraza lake la mawaziri. Madiwani humchagua kiongozi kutoka miongoni mwao, naye huteua wenzake. Wote pamoja naye hawazidi 10, na kila mmoja hubaki diwani wa wadi yake. Kwetu, mwakilishi wadi hawezi kuwa waziri wa kaunti bila kuacha kiti. Tena kiongozi huyo huondolewa kwa kura ya madiwani tu, hakuna safari ya Seneti kama kwa gavana wetu. Bristol walijaribu meya wa kuchaguliwa na wananchi kuanzia 2012, wakamkataa kwa kura ya maoni ya 2022, na tangu Mei 2024 wanaongozwa na kamati za madiwani.

Mwenye nguvu kuliko wanavyodhani wengi ni mkuu wa fedha. Akiona matumizi yatapita mapato, sheria ya 1988 inamlazimu kutoa taarifa. Matumizi mapya husimama, na madiwani wana siku 21 kukutana. Northamptonshire ilitoa taarifa hiyo Februari 2018, na kufikia Aprili 2021 kaunti hiyo ilikuwa imevunjwa kuwa mabaraza mawili. Lakini kuunganisha si dawa ya deni. Somerset iliyaunganisha mabaraza 5 Aprili 2023, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza dharura ya kifedha. Gharama za kutunza wazee na watoto ziliingia nazo kwenye baraza jipya.