Kisu kisichokunjwa, na lile swali la "hii ni ya nini?"

"Madam, hii ni ya nini?"

Tumesimamishwa kwenye kizuizi, mvua ndo inaanza, matatu nzima imeteremshwa na kila mtu anafungua begi lake. Afande ameshika kisu changu kwa vidole viwili, vile mtu hushika panya aliyekufa. Na mi nikikiangalia hapo mkononi mwake, walai hata mi mwenyewe nilikiogopa. Kilikuwa kile watu huita komando: cheusi tititi, kimenolewa pande zote mbili, chini ya ubapa kuna meno kama ya msumeno, mpini una ka-dira kadogo kwenye kifuniko. Nlikinunua kwa mchuuzi stendi juu kilionekana kigumu, basi, hakuna sababu ingine.

"Afande, ni ya kazi. Mi ni fundi wa dripu."

"Dripu ya hospitali?"

Watu wakacheka, mi sikucheka. Ikabidi nimwage begi lote barabarani, vipande vya mpira wa dripu (ile ya kumwagilia shamba tone kwa tone), konekta, seloteepu, tupa, soksi zangu zenye matope, na bado jamaa hajaridhika. Aliyeniokoa ni mama mmoja abiria aliyesema huyu msichana ndiye alifungia chama chetu maji kule Ahero. Afande akanirudishia kisu, tena kwa upole kabisa, akaniambia, "Dada, nunua kisu inafanana na kazi yako."

Nimeona ushauri mwingi kuhusu visu lakini huo ndio umenisaidia kushinda yote.

Mnaonijua mnajua kazi yangu, nafunga dripu na grinihausi kuanzia Kisumu mpaka Awasi na Muhoroni, saa zingine napanda Vihiga. Siku moja nakata mpira wa milimita 16 mara mia mbili, nakata polithini, kamba za nyanya, magunia, waya za kufungia, halafu saa saba nakata nanasi na hicho hicho kisu (nakiosha, msinitazame hivyo). Kwa hivyo kisu kinakaa nami kila siku, na ndo maana nimeandika hii, maana watu wawili wameniuliza wanunue kipi.

Kwanza mbona kisikunjwe? Kwa sababu ya Kano, zile nyanda karibu na Kisumu. Kama umewahi kutembea ule udongo mweusi wakati wa mvua unajua, kiatu kinakuwa kilo tano. Sasa huo udongo ukiingia kwa bawaba ya kisu cha kukunja, unakauka humo, unakuwa simiti. Nimekuwa na vya kukunja viwili. Cha kwanza kiligoma kufunguka nikavunja ukucha, cha pili kilifanya kinyume, kile kichuma cha kufungia kililegea na siku moja nikisukuma kisu kwa bomba kikajikunja chenyewe kikanipata kidole cha shahada, kovu liko mpaka leo. Kisu kisichokunjwa hakina kitu cha kulegea. Ni chuma kimoja na mpini. Ukikiosha kwa mtaro umemaliza.

Lakini kisichokunjwa si lazima kiwe imara, na hapo komando alinifundisha, maana wiki mbili tu baada ya ile siku ya kizuizi kilivunjika. Nlikuwa natoboa gunia la mbolea, hata sikutumia nguvu, mpini ukabaki mkononi na chuma kwa gunia. Kuangalia ndani: mpini ni bomba tupu, na chuma kiliingia humo kama sentimita mbili hivi, kikashikwa na skrubu moja na gundi. Msuka ndio hakuna. Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia kwa mpini, huwezi kuiona dukani na ndiyo inabeba kila kitu. Ukitaka kisu cha kudumu tafuta ambacho msuka wake unaenda mpaka mwisho wa mpini, upana uleule, mbao zimebanwa huku na huku kwa ribiti. Hapo ukitazama kwa mgongo unaona chuma chote kutoka ncha hadi kitako.

Nikaenda Kibuye, lile soko la Kisumu. Jumapili, siku ambayo soko limefurika mpaka barabarani, nikapenya hadi kwa wahunzi, na kuna mzee mmoja pale ambaye hutengeneza visu na mashoka kwa springi za lori. Nikamweleza nataka kisu cha kazi, nikamwonyesha urefu kwa mikono, nikaonyesha mrefu.

"Nyara (yaani binti yangu, kwa Kijaluo), unataka kuchinja ng'ombe?"

"La, jaduong', kukata mipira."

"Basi punguza."

Tukakubaliana sentimita 9 za makali. Na ni kweli, tangu hapo sijawahi kuhitaji zaidi. Kisu kirefu kinakupa sifa tu, ukikata kitu kidogo ncha iko mbali na macho yako, na ukivuta vibaya inaenda kwa goti. Unene tulisema milimita 3. Kuna watu hutaka 5 au 6 wakidhani ndo uimara, kumbe kisu kinene hakikati mpira, kinaupasua tu kwa kuusukuma kando kama kabari, na ukikata nyanya inakuwa mchuzi.

Niliketi pale saa nzima nikimwangalia, na ningeshauri uketi pia badala ya kulipa na kuondoka. Kwanza alichagua kipande cha springi akakigonga na nyundo akisikiliza. Nikauliza mbona, akasema springi iliyochoka huwa na nyufa ndogo huwezi ziona kwa macho, ukigonga haitoi mlio safi. Akapasha, akafua, akasawazisha. Halafu ikafika ile sehemu ambayo ndiyo kisu chenyewe, ya kukikaza. Alipasha mpaka chuma kikawa chekundu, akachukua sumaku ya spika kuukuu akagusa nayo, ikashika, akarudisha motoni. Akajaribu tena, safari hii sumaku haikushika. Chuma kikiiva hasa sumaku inakiacha, hii si uchawi ni tabia ya chuma. Akakiacha kidogo tena halafu akazamisha kwa oili chafu ya injini, moshi ukatufukuza sote.

Kikipoa akakipitishia tupa. Ikateleza kama iko juu ya glasi. Mi nikadhani tumemaliza, nikatoa pesa. Mzee akacheka, akasema sasa hivi hiki ni kama chupa, kikianguka kwa simiti ni vipande viwili. Ikabidi akipashe tena, pole pole, mbali na moto, mpaka kikachukua rangi ya nyasi kavu pale kwa makali, mgongo ukaenda karibu na samawati. Hiyo ndiyo inapunguza ugumu kidogo ili kisikatike. Mafundi wengi wa haraka huruka hatua moja kati ya hizo mbili, ama kisu kinakuwa laini unanoa kila jioni, ama kinamegeka mapengo. Kwa hivyo ukienda kununua beba katupa kadogo. Tupa ikikwaruza makali na kuyala vizuri kama inakula kijiko, rudisha.

Kitu kingine, ukiona kisu kimenolewa kwa grinda na makali yana alama ya samawati, kiache hapo hapo. Hiyo samawati kwa makali ni moto wa grinda, ule ukazaji wote umeharibika hata kama chuma kilikuwa kizuri kutoka mwanzo.

Nililipa 700. Mpini ni wa mwarubaini.

Sasa wale hawataki mambo ya kuketi Kibuye. Binamu yangu alirudi kutoka Uswidi na visu viwili vya kampuni ya Mora, vile vya mpini wa plastiki, chuma kama sentimita 10, unene milimita 2.5. Msuka wake haufiki mwisho, kwa hivyo kwa sheria yangu ya juu nlikuwa nimekikataa kabla sijakigusa, lakini lazima niwe mkweli, nimekitumia miezi minane na hakijatikisika. Tofauti ni kwamba msuka umeumbiwa ndani ya plastiki, haujabandikwa kwa bomba tupu. Siwezi kukitumia kupasua kuni kwa kugonga mgongo, ila kukata kinakishinda cha mzee. Makali yake yana mteremko mmoja tu mpana kila upande, unalaza huo mteremko kwa jiwe unanoa, hata mtoto hawezi kukosea pembe.

Halafu kuna hili la chuma kisichoshika kutu. Cha mzee kinashika kutu ukikitazama tu. Ukikata nanasi au limau na usikifute, kesho kina madoa meusi. Nakipaka mafuta ya kupikia jioni na maisha yanaendelea. Cha Uswidi nilichonacho ni cha aina isiyoshika kutu, na kwa mtu anayefanya kazi majini kutwa, wavuvi wa Dunga mfano, ningesema chukua hicho. Mi napenda cha mzee juu kinanoleka haraka kwa jiwe la kawaida na nikikiharibu najua nyumba ya aliyekitengeneza... sawa, najua kibanda chake.

Tuje kwa sheria sasa, na mi si wakili, lakini baada ya ile siku nilienda nikasoma. Ukiangalia video za watu wa Marekani na Uingereza utasikia inchi tatu, inchi nne, kinafunga ama hakifungi. Uingereza kweli hesabu ni hivyo, kisu cha kukunja kisicho na kichuma cha kukifungia kikiwa wazi, chenye makali yasiyozidi inchi 3, unatembea nacho tu. Hapa kwetu Kenya usijisumbue na rula. Sheria yetu ya utulivu wa umma, sura ya 56, kifungu cha 11, inasema ukipatikana na silaha ya kudhuru mahali pa umma bila ruhusa ama sababu ya maana umekosa, na sababu hiyo ni juu yako wewe kuithibitisha. Si afande athibitishe, wewe. Na silaha ya kudhuru ni kitu kilichotengenezwa kuumiza mtu, AU kitu chochote ambacho mwenyewe amekibeba kwa nia hiyo.

Soma hiyo "AU" mara mbili. Maana yake komando yangu ilikuwa na shida kwa sura yake, makali pande mbili ni kitu cha kuchoma watu hata ukikitumia kukata mkate. Lakini pia maana yake kisu cha jikoni kinaweza kuwa silaha kulingana na unachosema. Na hapa naongea na wadada hasa, kwa sababu kila nikitaja kisu lazima mtu aniambie "eeh ni vizuri ujilinde". Jamani. Ukimwambia afande nimebeba kisu nijilinde, umemwambia umekibeba ukiwa na nia ya kumdunga mtu, umejimaliza kwa mdomo wako mwenyewe. Na ikionekana ulikibeba ukielekea kufanya uhalifu hapo ni kanuni ya adhabu, kifungu cha 308, miaka 7 hadi 15. Mi sibebi kisu kujilinda, na si kwa sababu ya sheria peke yake, kisu kikitolewa kwa ugomvi kwa kawaida anayekatwa ni yule hakuzoea.

Kwa hivyo changu kina upande mmoja wa makali, kifupi, mpini nimeufunga seloteepu ya rangi ya machungwa, ambayo kusema ukweli niliifunga juu nlikuwa nakipoteza kwa nyasi, lakini inasaidia, hakuna mwizi anayebeba kisu cha rangi ya machungwa. Hakikai kiunoni. Kinakaa ndani ya begi, chini ya konekta, ili mtu akifungua aanze kuona kazi kabla ya kuona kisu. Jumapili nikienda kanisani kinabaki nyumbani, sina sababu. Siku za maandamano kinabaki nyumbani hata kama nina kazi Kondele na mteja amepiga simu mara kumi. Mol na kortini nakiacha kabisa, na kwa ndege kinaenda na mzigo wa chini, la sivyo kinabaki kwa ndoo pale Kisumu eapoti na hukioni tena.

Ala ndio watu husahau. Ile ya kitambaa kisu kinaitoboa, ile ya ngozi kwa matope inaoza na inaweka unyevu kwa chuma. Nimetengeneza kwa bomba la PVC, kipande cha inchi moja na nusu. Unalipasha juu ya jiko bila kuligusisha moto, nje ya nyumba tafadhali, ukiunguza huo moshi ni sumu, likilegea unaliweka kisu kilichofungwa kitambaa kimoja ndani, unalibana kati ya mbao mbili na kulikalia. Dakika tano limeganda na umbo la kisu. Acha tundu chini maji yatoke. Yangu imekaa mwaka na nusu na bado kisu kikiingia kinatoa ka-sauti "tak", nikigeuza juu chini hakianguki.

Zile nusu mbili za komando bado ziko. Chuma mama alikifungia kijiti kwa mpira wa baiskeli anapalilia nacho sukuma wiki, na mpini mtoto wa jirani alichukua juu ya ile dira, ambayo tuligundua tangu siku ya kwanza ilikuwa inaonyesha kaskazini ni upande wa ziwa, ukiwa umesimama Kakamega.