Nilivyojifunza Kuanza na Kifungu cha Tafsiri

Kwa miezi mitano nilisubiri malipo ya kazi niliyokwisha kuimaliza, nikaikabidhi na nikaambiwa ahsante. Ilikuwa kazi ya kutafsiri mwongozo wa mafunzo, kurasa mia mbili na ushei. Mkataba ulisema nitalipwa "ndani ya siku 30 tangu Ukamilishaji". Mimi nikahesabu siku 30 tangu nilipotuma faili la mwisho. Mteja alikuwa na hesabu nyingine, na mkataba ulikuwa upande wake.

Kifungu cha kwanza, ambacho nilikiruka kwa sababu nilikiona kama kamusi tu, kilisema: "Ukamilishaji maana yake ni tarehe ambayo Mteja atathibitisha kwa maandishi kwamba ameridhika na Kazi." Hapakuwa na mahali popote palipomtaka athibitishe ndani ya muda fulani. Na "Kazi", mistari miwili juu yake, ilikuwa "tafsiri ya Mwongozo pamoja na marekebisho yoyote yatakayohitajika". Yoyote. Nikarekebisha sura zilezile mara nne bila nyongeza ya malipo, na wakati wote huo siku ya kwanza kati ya zile 30 haikuwa imeanza.

Mwishowe nililipwa. Mteja hakuvunja mkataba hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana maneno ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaoishi kwa mikataba midogo midogo na hawana wakili wa kumpigia simu kabla ya kutia saini.

Nilianza kwa kusoma sheria, si mikataba, kwa kuwa sheria huandikwa kwa uangalifu zaidi na mtu huona mbinu zake waziwazi. Sheria nyingi zina kifungu karibu na mwanzo kinachoitwa "Tafsiri" au "Ufafanuzi", na huanza kwa maneno haya: "Katika Sheria hii, isipokuwa kama muktadha utahitaji vinginevyo". Nilidhani kifungu hicho kimewekwa ili kumsaidia msomaji asiyeelewa msamiati. Sivyo. Hapo mwandishi wa sheria anaunda maneno yake. Anaweza kusema kwamba "nyaraka" ni pamoja na taarifa zilizo ndani ya kompyuta, au kwamba "mtoto" ni mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18, hata kama mtu huyo ana ndevu. Akishasema hivyo, maana ya mtaani haina nafasi tena ndani ya sheria hiyo. Kwenye mikataba alama yake ni herufi kubwa: "Kazi" si "kazi". Ukikutana na neno la kawaida limeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, rudi kifungu cha kwanza.

Kisha nikajifunza tofauti ambayo sasa siwezi kuacha kuiona. "Maana yake ni" hufunga mlango. "Ni pamoja na" huuacha wazi. Mkataba ukisema "Vifaa maana yake ni kompyuta, printa na simu", kamera haimo, na hakuna wa kubishana naye. Ukisema "Vifaa ni pamoja na kompyuta, printa na simu", kamera inaweza kuingia, na ubishi ndipo unapoanzia. Ukisema "kompyuta, printa, simu na vitu vingine", mahakama kwa desturi huyasoma maneno hayo ya jumla kwa kuangalia jamii ya vile vilivyotangulia: kamera huenda ikaingia, kiti hakiingii. Wapo wanaoandika "maana yake ni na ni pamoja na", wakifunga na kufungua mlango kwa pumzi moja. Nikiliona hilo, naomba lichaguliwe moja.

Na neno lisipofafanuliwa kabisa? Kesi iliyonifungua macho iliamuliwa New York mwaka 1960. Kampuni ya Uswisi ilikuwa imenunua kuku waliogandishwa kutoka kwa muuzaji wa Marekani. Mkataba ulitaja daraja na uzito, ukasema "kuku", basi. Shehena ilipofika, wale wa uzito mkubwa walikuwa kuku wakubwa wa kuchemshwa, si kuku wachanga wa kuchoma na kukaanga. Mnunuzi akasema hao si kuku alioagiza. Muuzaji akasema kuku ni kuku. Jaji Henry Friendly alilitaja swali lake mwanzoni kabisa mwa hukumu: kuku ni nini? Akachunguza simu za maandishi (telegramu) ambazo pande hizo zilipelekeana. Zilikuwa kwa Kijerumani, lakini neno la kuku liliwekwa kwa Kiingereza. Akaangalia desturi ya wafanyabiashara wa kuku, kanuni za serikali za ukaguzi, hata bei, ambayo muuzaji asingeweza kuuzia kuku wachanga bila kupata hasara. Mwisho akaamua kwamba mnunuzi ndiye aliyepaswa kuthibitisha kuwa neno lilitumika kwa maana finyu, na hakuweza.

Nilipomaliza kuisoma hukumu ile niliwaza utajiri tulio nao sisi: kifaranga, pora, tembe, mtetea, jogoo. Lakini kuwa na maneno hayo hakumsaidii mtu aliyeandika "kuku" kwenye mkataba.

Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani ilikuwa imekwisha kutana na jambo la jinsi hiyo mwaka 1893, kuhusu nyanya. Sheria ya ushuru ya mwaka 1883 ilitoza mboga na kuyaacha matunda. Kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, na mahakama ilikubali hilo, lakini ikasema kwamba katika usemi wa kawaida wa watu nyanya ni mboga, kwa hiyo ushuru ulipwe. Funzo nililolichukua ni la kiutendaji: neno usilolifafanua halibaki tupu. Litajazwa na mtu mwingine, kwa maana ya watu wa kawaida au ya watu wa biashara hiyo, baada ya ugomvi kuanza.

Hata neno lililochaguliwa kwa uangalifu linaweza kumwangusha aliyelichagua. Mwaka 1868 huko Uingereza mtu mmoja alipiga kura kwa jina la marehemu. Sheria ilikataza kujifanya "mtu mwenye haki ya kupiga kura". Mahakama ikaona kwamba marehemu hana haki ya kupiga kura, hivyo mshtakiwa hakuwa amejifanya mtu wa aina iliyotajwa. Akaachiwa. Nilikasirika niliposoma, na bado nadhani matokeo yale hayakuwa mazuri, lakini sioni jinsi ya kuyasoma maneno yale yenyewe kwa namna nyingine.

Nchi nyingi zina sheria moja ya jumla ya kutafsiri sheria nyingine zote, ili maneno ya kila siku yasifafanuliwe upya kila mara. Ya Uingereza ni ya mwaka 1978. Inasema "mwezi" ni mwezi wa kalenda, umoja unachukua wingi na wingi unachukua umoja, na maneno ya kiume yanawachukua wanawake. Hilo la mwisho Kiswahili hakilihitaji: "atalipa" ni yeyote, mume au mke. Lakini tuna mashimo yetu wenyewe. "Kabla ya saa 6:00" ni saa sita ya mchana, au ni ile inayoandikwa hivyo kwenye simu, ambayo sisi tunaiita saa kumi na mbili? "Usiku wa Ijumaa" kwa wengine ni ule wa kuamkia Ijumaa, na kwa wengine ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwenye mikataba yangu sasa muda wa mwisho ni "saa kumi na moja jioni (17:00)", usiku hautajwi kabisa, na nimeongeza kwamba siku ya makabidhiano yenyewe haihesabiwi.

Mbinu ninayoitumia kusoma ni ya kuchosha, na haijaniangusha. Nachukua kila kifungu chenye pesa, muda au adhabu. Kila neno la herufi kubwa nalitoa na mahali pake naweka ufafanuzi wake mzima. "Ndani ya siku 30 tangu Ukamilishaji" inageuka kuwa "ndani ya siku 30 tangu tarehe ambayo Mteja atathibitisha kwa maandishi kwamba ameridhika na tafsiri ya Mwongozo pamoja na marekebisho yoyote yatakayohitajika". Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetia saini sentensi hiyo akiiona nzima. Njia hii hufichua pia ufafanuzi unaozunguka, kama "Taarifa za Siri maana yake ni taarifa zote ambazo ni za siri", na hufichua wajibu uliojificha. Neno "marekebisho" lilipaswa kuwa kwenye kifungu cha majukumu, mahali ambapo ningeliona na kuliuliza.

Mkataba uliofuata ulikuwa wa mteja mwingine, rasimu yake ikifanana sana na ile ya kwanza. Nilimwandikia kwa heshima nikiomba mabadiliko matatu, yote ndani ya kifungu cha kwanza. Kwanza, kichwa cha kifungu kilikuwa "Tafsiri", na kazi yenyewe nayo ikaitwa "Tafsiri". Nikaomba kichwa kiwe "Ufafanuzi wa Maneno". Pili, "Kazi" iwe na marekebisho ya awamu moja, na "Marekebisho" yafafanuliwe kuwa ni kusahihisha makosa ya tafsiri, si mabadiliko yanayotokana na Mteja kubadilisha matini asilia. Tatu, "Ukamilishaji" iwe ni tarehe ya uthibitisho wa Mteja kwa maandishi, au kupita kwa Siku za Kazi 10 tangu makabidhiano bila Mteja kutoa maoni kwa maandishi, lolote litakalotangulia.

Dada aliyekuwa akishughulikia mikataba upande wao alinipigia. "Hili la siku kumi linatubana, kaka," akasema. "Mkuu akiwa safarini je?" Nikamwambia maoni ya mstari mmoja yanatosha kusimamisha hesabu, ninachokiomba ni kutoachwa kwenye kimya. Akanyamaza kidogo, akaomba ziwe 15. Tukakubaliana 15, na tukaongeza ufafanuzi wa "Siku ya Kazi", kwa kuwa bila huo tungeanza kubishana kuhusu sikukuu.

Nilikabidhi kazi. Siku ya tisa wakaniandikia: matini asilia ya sura mbili imebadilishwa, tafadhali nirekebishe. Nikawarudishia jibu fupi nikinukuu ufafanuzi wa "Marekebisho". Saa mbili baadaye yule dada alituma hati ya nyongeza yenye malipo yake, na neno "Kazi" humo alikuwa amelifafanua yeye mwenyewe, kwa sura na idadi ya kurasa.