Alama za juu, chupa iliyojaa

Leo tumepima urahisi wa matumizi ya roboti ya kuvaliwa katika ghala moja hapa Ujerumani, na mawazo yangu yamebaki kwa dada mmoja anayepakia mizigo.

Kifaa hicho hufungwa mabegani, kifuani, kiunoni na mapajani, na mota zake huusaidia mgongo mtu anapoinama kuinua masanduku.

Mwisho wa zamu alijaza dodoso la kupima urahisi wa matumizi lililotungwa na John Brooke mwaka 1986, lenye kauli 10 na alama kuanzia 0 hadi 100, akakisifu kifaa kwa haki, kwa kuwa mgongo wake ulipumzika kweli.

Lakini chupa yake ya maji ilikuwa haijaguswa.

Nilipomuuliza, alieleza kwamba kufungua mikanda yote ili aende msalani, kisha kuifunga upya huku ule wa kifuani ukimbana, kungemaliza muda wake wa mapumziko, hivyo aliona afadhali asinywe.

Hakuna kauli hata moja kati ya zile 10 inayogusa jambo hilo, nami naamini kifaa kinachomfanya mfanyakazi avumilie kiu bado hakijafaulu.

Ndugu mnaofanya kazi viwandani na maghalani, mmewahi kuvaa vifaa hivi? Ni kero gani mliyoipata ambayo hakuna aliyewauliza?