Chupa A na Chupa B

Mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ni vumbi tupu. Ukipiga chafya karibu na sahani umepoteza kazi ya wiki mbili, na mimi nilishapoteza moja hivyo. Mwaka 2012 nilikuwa Morogoro, shahada ya pili, kutwa nimeinamia hadubini nazihesabu: iliyoota imetoa kimzizi cheupe kama uzi, isiyoota imetulia kama mchanga. Mbegu hii huloweshwa kwanza siku kadhaa kwenye joto, na hata hapo kwa kawaida haiamki mpaka ipate harufu ya strigolaktoni, kemikali itokayo kwenye mizizi ya mahindi au mtama. Tulitaka kuidanganya: iote shambani pasipo na mahindi, ife njaa.

Msimamizi wangu akanikabidhi chupa mbili za vichocheo vya kuotesha mbegu, A na B. "Angalia kama zinasaidiana," akasema, akaenda zake.

A peke yake iliotesha mbegu 10 katika 100. B, 12. Nikashika kanuni ya Bliss ya mwaka 1939, ya kukisia vichocheo viwili vikichanganywa vitatoa nini: kila kichocheo kikifanya kazi kivyake, A inaamsha 10, B inaamsha asilimia 12 ya zile 90 zilizobaki, jumla kama 21. Nilipochanganya zikaota 55. Nikarudia, 53. Kwenye modeli ya takwimu, kipengele cha mwingiliano, kinachopima kama A na B zinasaidiana, kikatoka na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hiyo kwa bahati tu) yenye sifuri nyingi hata nikaona haya kuziandika zote. Usiku nikampigia mama kwamba nimegundua kitu. Akaniuliza kama nimekula.

Asubuhi msimamizi alisoma karatasi yangu taratibu huku akimenya karanga.

"A na B nimezimimina kutoka kopo moja."

Nilihisi masikio yanawaka. Akageuza karatasi, akachora mchirizi wa umbo la S: dozi kwa mlalo, mbegu zilizoota kwa wima. Dozi zangu zilikuwa pale chini, mchirizi ungali umelala. Kuchanganya kulikuwa kuongeza dozi maradufu tu, nikatua katikati panapopanda ghafla. Kitu hakiwezi kushirikiana na chenyewe, lakini kanuni ya Bliss haioni hilo. Kanuni nyingine, ya Loewe, huuliza vingine: A peke yake ingehitajika kiasi gani kufikisha 55? Kama ni dozi mbili, basi nusu ya A na nusu ya B ni moja kamili, hakuna muujiza.

Kisha akanipa chupa ya tatu, ethefoni, kichocheo cha aina nyingine kinachotoa gesi ya ethilini.

"Hii ni ethefoni kweli, Mwalimu?"

Akacheka mpaka karanga zikamwagika.