Kumbukumbu ya mradi wangu: neno KARIBU lenye kina

Shangazi aliponiomba nimtengenezee bango la mgahawa wake, lenye upana wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 40, niliamua kwamba neno KARIBU lisimame kana kwamba limechongwa kwenye ubao mnene. Kazi yote naifanya katika Inkscape, programu huru ya michoro ya vekta, yaani michoro inayojengwa kwa mistari ya kihesabu badala ya nukta za rangi, ili mchapaji aikuze apendavyo bila kingo za herufi kufifia.

Jumamosi ya kwanza nilitumia njia ya mkato. Nilirudufu neno zima mara 30, kila nakala nikiisogeza kidogo chini na kulia, kisha nikaipa nakala ya juu rangi ya manjano na zilizobaki kahawia. Kwa mbali lilipendeza. Nilipolikuza, kingo za mshazari zilikuwa na meno kama ya msumeno, na kwa kuwa ubavu wote ulikuwa wa rangi moja, kilichoonekana ni kivuli kizito tu.

Nikaanza upya kwa kiendelezi (nyongeza ndogo ya programu) kiitwacho Motion, ambacho hupewa umbali na pembe, kisha hujenga ubavu wa kila kipande cha ukingo, hata wa sehemu zilizopinda. Hakifanyi kazi juu ya maandishi ya kawaida: lazima yageuzwe kwanza kuwa njia, yaani maumbo ya mistari tu, na kundi la herufi lifumuliwe. Hapo niliteleza, kwa sababu nilikuwa sijapanua nafasi kati ya herufi, na ubavu wa K ukajibana chini ya A. Njia hazihaririki tena kama maandishi, hivyo nilirudi mwanzo, nikapanua nafasi kwa Alt na alama ya >, ndipo nikageuza.

Upakaji rangi ndio uliokula muda. Nilichagua mwanga utoke juu kushoto, kwa hiyo nyuso zinazotazama chini zikawa nyeusi zaidi, zinazotazama kulia zikapata kahawia ya kati, na mpindo wa chini wa U ukapata mpito wa rangi kutoka moja hadi nyingine. Ndani ya matundu ya B, hata hivyo, ukuta wa juu niliupaka rangi nyepesi, nikidhani kwamba kilicho juu hupata mwanga. Shangazi alitazama skrini kwa muda mfupi tu, akauliza, “Mwanangu, mbona humo ndani jua linawaka kutoka chini?” Alikuwa sahihi. Ukuta ule uko juu lakini unatazama chini, na kivuli hufuata upande ambao uso unautazama, si mahali ulipo. Niliyarekebisha matundu ya B na lile la R jioni hiyohiyo.

Dosari nyingine ilikuwa nyuzi nyembamba nyeupe kati ya nyuso zinazopakana, ambazo hutokea kwa sababu programu hulainisha ukingo wa kila umbo peke yake. Niliziziba kwa kuupa kila uso mstari mwembamba sana wa rangi yake yenyewe.

Hadi leo herufi tano zimekamilika. Imebaki R, ambayo mpindo wake unapokutana na mguu wa mshazari nyuso mbili zinapandana, na inanibidi niamue kwa mkono ipi ikae juu kabla ya kuhifadhi faili la PDF la mchapaji.