Mkono usio na jiwe: kuzungumza na mbwa kwa ishara huku ziwani

Pita mtaa wowote wa Mwanza, iwe Igoma, Kirumba au Nyegezi, umkute mbwa amelala kando ya njia, kisha uiname kama anayefunga kamba za kiatu. Atakuwa ameshaondoka kabla hujakigusa kiatu. Ameona mikono mingi ikiokota mawe, na katika mji huu mawe hayatafutwi. Mbwa wetu wengi wanasoma mikono vizuri sana. Walichokosa ni mikono yenye habari njema, ndiyo maana anayetaka kumfundisha mbwa wa hapa ishara hawezi kuanzia pale wanapoanzia wenye mbwa waliolelewa ndani ya nyumba.

Mbwa huutazama mwili kwanza, sauti baadaye. Kinywa kikisema "kaa" huku mkono ukisema "lala", wengi hufuata mkono. Kwetu kuna sababu nyingine za kuutegemea mkono: upepo wa ziwani, mawimbi yanayopiga miamba, injini za mitumbwi na spika za mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, humeza sauti hatua ishirini tu kutoka ulipo. Tena katika nyumba moja bibi humwambia mbwa akae kwa Kisukuma, watoto kwa Kiswahili, baba naye anamwambia "siti". Maneno matatu kwa jambo moja humchanganya mnyama. Mkono mmoja unawatosha wote.

Kwanza mkono uaminike

Kaa kwenye kigoda, ubavu wako ukimwelekea mbwa, wala usimkazie macho. Weka kiganja wazi juu ya goti, dagaa mmoja ndani yake, na usimnyoshee. Aje mwenyewe. Akishakula dagaa 10, inuka polepole uondoke. Fanya hivyo asubuhi na jioni mpaka siku atakapokuja kabla hujakifungua kiganja. Kwa mwingine ni siku tatu, kwa aliyepigwa sana ni wiki kadhaa, na hakuna njia ya mkato.

Kisha mzoeshe mkono unaosogea. Uinue kiasi cha upana wa kiganja kutoka gotini, ushushe, mpe dagaa. Halafu hadi kiunoni, hadi kifuani, mwisho hadi begani. Kila kimo mara 5 bila yeye kushtuka. Na kushtuka si mpaka akimbie. Masikio yakilala nyuma, macho yakifumba ghafla, mgongo ukishuka, au akijilamba pua na kugeuza kichwa pembeni, anakuambia umezidisha. Rudi kimo kimoja chini.

Hayo ni kwa mbwa wako mwenyewe aliyechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usimlishe kwa mkono mbwa wa mtaani usiyejua habari zake. Ukingatwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kuhusu zawadi, huku sijaona inayoshinda dagaa wa ziwani. Mmoja anatosha kinywa kimoja, ananukia, na anamezwa upesi, hivyo zoezi halikatiki. Nunua waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini huja na mchanga, na mchanga si kitu cha kumezeshwa mnyama kila siku. Epuka waliotiwa chumvi na waliokaangwa. Kwa mbwa wa kilo 15 dagaa 30 kwa siku wanatosha, na umpunguzie kidogo ugali wa jioni. Mifupa ya sato na sangara iliyopikwa usimpe hata akililia. Hukwama kooni au kutoboa utumbo.

Ishara ya "kaa", hatua kwa hatua

Kiganja kinatazama juu, kinapanda kutoka pajani hadi kifuani, kiwiko kikikunjwa. Umbo hili limetokana na njia inayopita chakula wakati wa kufundisha. Simama nusu hatua mbele yake, mgongo umenyooka. Shika dagaa kwa kidole gumba na vidole viwili, umbali wa vidole viwili kutoka puani mwake, kisha upandishe mkono taratibu kuelekea nyuma ya paji la uso wake. Pua ikifuata juu, makalio hushuka yenyewe. Yakigusa ardhi tu, sema "safi" na umpe. Ukichelewa mpaka ameinuka tena, umemlipa kwa kusimama.

Akiruka, mkono umepanda juu mno. Akirudi kinyumenyume, umeupeleka nyuma kwa haraka. Fanyia zoezi karibu na ukuta, ukuta uwe nyuma yake. Usimkandamize kiuno, maana atajifunza kushindana na mkono wako, na wewe ndiyo kwanza umemaliza kumfundisha kuuamini.

Fanya hivyo mara 5 au 6 ukiwa na dagaa mkononi, basi. Wengi hukwama hapa. Wiki nzima wanaendelea kushika dagaa, halafu wanalalamika kwamba mbwa hakai pasipo chakula. Mbwa huyo hajasoma ishara yoyote, amefuata harufu. Mara ya 7 hamishia dagaa mkono wa kushoto, uufiche nyuma ya mgongo, na wa kulia ufanye mwendo uleule ukiwa mtupu. Harufu hubaki vidoleni, hasa kwa mtu aliyetoka kuanika au kupaa samaki, kwa hiyo osha mkono wa ishara kwa sabuni kabla ya kuanza. Akikaa, zawadi itoke kushoto. Siku hadi siku ongeza nafasi kati ya mkono na pua: vidole vinne, shubiri, dhiraa, mpaka umesimama wima na mkono unatoka pajani hadi kifuani tu.

Kipindi kiwe cha dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku, alfajiri na jioni. Akipatia mara 8 kati ya 10, songa mbele. Akipatia chini ya 5, hatua uliyompa ni ndefu mno, igawe.

Ishara nyingine

"Lala" ni kiganja kinachotazama chini, kikishuka kutoka kifuani hadi kiunoni. Hufundishwa mbwa akiwa amekaa: dagaa hushuka kutoka puani moja kwa moja hadi katikati ya miguu yake ya mbele. Hapa ndipo mtu hujikuta ameinama juu ya mbwa, na kwa mbwa wetu kuinama ni jiwe. Piga goti ubavuni pake badala yake.

"Baki" ni kiganja wima kama cha trafiki anayesimamisha gari, usawa wa kiuno chako, mbali na uso wa mbwa. Ongeza muda kwanza: sekunde 1, 2, 5, 10, 20. Muda ukikaa sawa, ongeza umbali, lakini siku unayoongeza umbali punguza sekunde. Vishawishi, yaani kuku, watoto na matumbo ya samaki, huja mwisho kabisa. Ukiongeza mambo mawili kwa mpigo atavunja, na hutajua lipi limemshinda.

"Njoo" ni mkono ulionyooshwa pembeni usawa wa bega, kisha ukavutwa hadi kifuani. "Nitazame" ni kidole kinachotoka karibu na pua yake hadi chini ya jicho lako. Kidole gumba juu ni "safi", na mikono miwili iliyofunguka pembeni, chini ya kiuno, ni "basi, uko huru". Ishara ya mwisho wengi huisahau, kisha mbwa anajiamulia mwenyewe lini "baki" imeisha.

Kama mbwa tayari anajua neno, toa ishara, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme neno. Baada ya marudio kadhaa ataanza kutenda kabla hujafungua mdomo. Usivitoe pamoja, kwa sababu hushika kimoja na kingine hukiacha kipite.

Ufukweni na kwenye miamba

Jioni ukisimama ziwa likiwa nyuma yako na jua linazama, mbwa anaona umbo jeusi, na mkono ulio mbele ya kifua hauonekani kabisa. Geukeni, jua liwe ubavuni. Kama haiwezekani, ishara ifanyike nje ya mwili, mkono ukiwa pembeni, ili auone ukichorwa angani. Ndiyo sababu "njoo" huanzia begani.

Mavazi nayo yana kazi. Macho ya mbwa hutofautisha vizuri bluu na njano. Nyekundu kwake hufifia na kuwa kama kahawia, na juu ya majani mabichi hupotea. Kitambaa chekundu mkononi kinakusaidia wewe, yeye hapana. Mkono mweusi juu ya fulana nyeusi hauonekani. Vaa nyeupe au njano. Na kwa mbali mbwa hukamata mwendo kuliko umbo, hivyo kuanzia hatua 15 tumia mkono mzima, vidole havimfikii.

Mchana miamba huungua. Weka mgongo wa mkono wako juu ya mwamba kwa sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake nazo zinaumia, na mbwa anayekataa "lala" juu ya mwamba huo ana haki. Penye matete au panaposemwa pana mamba, usifundishie ukingoni mwa maji wala usimtegemee mbwa aliyeachiwa kwa sababu tu anajua "njoo".

Pale inapoharibika

Kosa linalojificha zaidi ni mwili kutangulia mkono. Mtu hutikisa kichwa au huinua nyusi kabla ya ishara, mbwa anajifunza kichwa, na siku dada wa nyumbani akifanya mkono uleule mbwa anamwangalia tu. Jipime: simama kama nguzo, usogeze mkono peke yake. Kisha ukiwa umeketi kitini. Kisha umempa mgongo, mkono ukiwa pembeni. Akishindwa, hakuwa anasoma mkono.

Kila mtu wa nyumbani, mlinzi akiwemo, afanye mwendo mmoja. Zikusanyeni ishara siku moja barazani, kila mmoja azionyeshe bila mbwa kuwepo, mrekebishane.

"Njoo" huharibiwa na yanayoifuata. Akija afungwe mnyororo, akija aogeshwe dawa ya kupe, mara ya tatu atasimama mbali akikutazama. Ukitaka kumfunga au kumwogesha, mfuate wewe alipo, na mnyororo au ndoo, na "njoo" uiachie dagaa. Ishara pia usiirudie mara tano. Itoe moja, subiri sekunde 3. Asipotenda, msogelee na urahisishe.

Mbwa asiyesikia

Wapo wanaozaliwa hivyo, hasa miongoni mwa weupe mwili mzima. Wengine huziba kwa uzee au kwa maambukizi ya masikio yaliyoachwa bila matibabu. Kumpima, subiri amelala, simama nyuma yake bila kukanyaga kwa kishindo, kisha utikise funguo. Sikio lisipocheza mara kadhaa kwa siku tofauti, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ishara zote zilizotajwa zinamfaa. Kigumu kwake ni kumfanya atazame. Mlipe dagaa kila anapokuangalia mwenyewe, bila kumwita. Baada ya siku chache atakuwa akigeuka kila baada ya muda mfupi kukutafuta. Kukanyaga kwa nguvu husaidia kwenye sakafu ya mbao, lakini saruji na mwamba havibebi mtikisiko. Usiku washa na uzime tochi ikimulika ardhi mbele yake, si machoni, na umpe dagaa papo hapo, mara 10 kila usiku mpaka mwanga umaanishe "nitazame". Taa za leza usitumie. Mbwa huzoea kukimbiza nukta mpaka ikawa maradhi.

Asiachiwe karibu na barabara ya bodaboda. Kamba ya nailoni ya mita 10 inayouzwa kwenye maduka ya nyavu inafaa, ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, maana akifika mwisho wa kamba akikimbia shingo ndiyo itakayoumia.

Kumwamsha, weka mkono karibu na pua yake, usubiri anuse, kisha mguse bega kwa vidole viwili, bega lilelile kila siku, na dagaa awe tayari macho yakifunguka. Watoto wafundishwe hivyo kabla ya yote, na mpaka wamezoea wasimguse akiwa amelala.