Injili Bure, Hema kwa Bei

Somo: Matendo ya Mitume 18:1-4

Bwana asifiwe, wapendwa. Mistari ya wiki hii ni minne tu, na wengi huwa tunaipita mbio kuwahi mahubiri ya Paulo ndani ya sinagogi. Leo tubaki kwanza kazini, kwa mafundi.

Akila na Prisila walikuwa wametoka Italia, kwa sababu Kaisari Klaudio aliamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Mtu akifukuzwa hivyo huacha nyumba na huacha wateja. Ufundi wake huondoka nao. Walipofika Korintho walikuwa kwenye kazi ile ile ya kushona mahema, na Paulo, kwa kuwa naye alikuwa fundi wa kazi hiyo, akakaa kwao wakafanya kazi pamoja. Kila sabato alikuwa sinagogini akihojiana na watu.

Sasa, mahema yale hayakugawiwa. Yaliuzwa. Baadaye Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyotumika kwa mahitaji yake na ya wale waliokuwa pamoja naye (Matendo 20:34). Mikono haileti mahitaji kama hakuna anayelipa. Na ni Paulo huyo huyo aliyewaandikia Wakorintho kwamba Injili anaihubiri bila malipo (1 Wakorintho 9:18). Injili bure, hema kwa bei. Yeye hakuchanganya. Tunaochanganya ni sisi.

Tazama inavyokuwa. Dada fulani ana mkono wa kushona, kila mtu anamsifu, na ameamua sasa iwe kazi ya kumlisha. Ujumbe unaingia kwenye simu: "Dada, si wewe ni wetu? Nishonee tu, Mungu atakulipa." Anakesha. Kitambaa kinateleza, zipu inagoma, mshono wa kiuno anaufumua kwa sababu umekaa upande na hataki nguo itoke kwake ikiwa mbaya. Asubuhi mwenye nguo anavaa, anajigeuza mbele ya kioo, anasema "ubarikiwe sana mpendwa", huyo anaondoka. Mwenye duka la uzi, kwa bahati mbaya, hapokei "ubarikiwe". Na dada akithubutu kutaja bei, anasomewa Mathayo 10:8: mmepata bure, toeni bure. Tuusome mstari wote basi. Yesu anataja kuponya wagonjwa, kufufua wafu, kutakasa wenye ukoma na kutoa pepo. Zipu haimo.

Lakini lawama isiishie kwa mteja. Sisi wenye vipaji tunapenda kusema "nipe tu chochote utakachoguswa", tukiita huo unyenyekevu. Mara nyingi ni woga. Tunaogopa kusikia "ghali", kisha tunanung'unika moyoni wiki nzima. Bwana alipozungumzia mtu anayetaka kujenga mnara alisema aketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14:28). Fundisho lile ni la kumfuata yeye, najua, ila mfano wake ameuchukua kwa mtu mwenye akili timamu. Basi keti na daftari. Andika uzi, umeme, nauli, na saa zako pia, maana nazo si za bure. Yule mwanamke wa Mithali 31 hushona nguo za kitani na kuziuza, na anajua kama bidhaa yake ina faida. Anajua kwa sababu amepiga hesabu.

Ukishataja bei, basi kazi ifanane nayo. Aya ya Biblia kwenye bango la duka hainyooshi mshono uliopinda, na "njoo kesho" ya kila siku ni uongo kama uongo mwingine.

Sidhani kila kipaji lazima kiuzwe. Kuna mtu akianza kulipwa kwa kuimba, furaha yote ya kuimba inakwisha, na huyo aachwe aimbe. Tena kuna hatari nyingine, ile ya Demetrio, mfua fedha wa Efeso (Matendo 19:24-27). Alikuwa fundi hodari, mwenye kuwapatia mafundi wenzake faida kubwa. Injili ilipofika, hesabu yake ya kwanza ilikuwa kwamba mauzo ya vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa Efeso, yatashuka. Kazi inayokufanya uuogope ukweli kwa ajili ya wateja imeshakupita kimo. Lidia alikuwa mfanyabiashara pia, mwuza vitambaa vya rangi ya zambarau kutoka Thiatira. Bwana aliufungua moyo wake, naye akaifungua nyumba yake. Paulo na Sila walipotoka gerezani huko Filipi, waliingia kwake (Matendo 16:40). Nyumba ya kupokea wageni wa namna hiyo inahitaji mtu anayejua kuuza.

Zoezi la wiki ni dogo. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile, jua lisichwe kabla hajalipwa. Wengine hapa jua limetuchwea mara nyingi. Fungua simu yako, umtafute yule mshonaji, au mpiga picha wa harusi yako, au kijana aliyemfundisha mwanao kinanda. Ulimwambia "nitakutafuta". Mtafute kabla ya Jumapili, na umlipe yote.